Benchi la sentimita 45: kisa kutoka maabara ya fiziolojia ya mazoezi nchini Uganda

Kisa hiki kilitokea katika chuo kikuu kimoja nchini Uganda, kwenye somo la mwaka wa pili la fiziolojia ya mazoezi, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi mtu akifanya mazoezi. Jina la chuo, mwaka na majina ya watu nimeyaondoa, pamoja na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu. Mwanafunzi aliyezimia amesoma maandishi haya na ameniruhusu kueleza hali yake ya afya kama ilivyo hapa. Mwalimu wa maabara nilikuwa mimi.

## Usuli

Darasa lilikuwa na wanafunzi 36. Waganda walikuwa wengi, wakifuatwa na Wakenya, kisha Wakongomani wa Kivu, Watanzania wachache na wawili wa Sudan Kusini. Tunafundisha kwa Kiingereza, lakini kwenye makundi lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, kila mmoja na chake: cha Mombasa, cha Goma, cha Kampala kilichookotwa mitaani. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, ila darasani chuoni bado kinakaa pembeni. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani.

Maabara yetu ina tredmili moja na mashine ya kuchanganua hewa anayoitoa mtu akikimbia. Kihisi cha oksijeni cha mashine hiyo ni cha aina inayochakaa hata usipoitumia, na kabla ya kila kipimo mashine lazima isawazishwe kwa gesi ya mtungi yenye viwango vinavyojulikana vya oksijeni na kaboni dioksidi. Gesi ilikwisha, kihisi kikafa, mashine ikafunikwa shuka. Kwa muda mrefu "maabara" ilimaanisha mwalimu kusimama karibu na shuka hilo na kueleza mashine ingefanya nini kama ingefanya kazi.

Nilitaka wanafunzi washike kitu kwa mikono yao. Nikachagua kipimo cha kupanda na kushuka benchi kilichotoka Queens College, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Benchi lina kimo cha sentimita 41.3. Mwanamume hupanda mara 24 kwa dakika, mwanamke mara 22, kwa dakika 3. Akimaliza anabaki amesimama, na mapigo ya moyo yanahesabiwa kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 20, kisha hesabu inazidishwa kwa 4. Kutokana na mapigo hayo unakadiria VO2max, yaani kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Kwa mwanamume ni 111.33 toa mapigo mara 0.42. Kwa mwanamke ni 65.81 toa mapigo mara 0.1847. Jibu ni mililita za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kazi ya kupanda benchi, ukiipima kwa kila kilo ya mwili, ni ileile kwa wote wanaopanda kwa mwendo mmoja. Moyo unaosukuma damu nyingi kwa pigo moja utaimaliza kazi hiyo kwa mapigo machache.

Seremala wa jirani alitutengenezea mabenchi matatu. Kipimo nilimpa kwa simu: sentimita 41. Metronomu, yaani kifaa cha kupigia mdundo wa mwendo, ilikuwa programu ya simu, mapigo 96 kwa dakika kwa wanaume na 88 kwa wanawake, kwa kuwa kila mpando una hatua nne. Makundi yalikuwa tisa, kila kundi watu wanne: mpandaji, mshika saa, mhesabu mapigo na mwandishi.

## Wiki ya kwanza: namba nzuri kupita kiasi

Kabla hawajaanza niliandika ubaoni viwango vya VO2max vinavyotarajiwa: wanaume 40 hadi 48, wanawake 33 hadi 39. Nilidhani ninawasaidia wajue kama wanaelekea pazuri. Jioni nilikusanya ripoti, na wanaume wote walikuwa kati ya 41 na 47. Nikafurahi.

Aliyenizindua ni fundi wa maabara, mtu mzima ambaye wote tunamwita Mzee. Aliniuliza huku akifunga kabati: "Mwalimu, kundi la sita walipanda saa ngapi? Benchi lao nilikuwa nalo mimi nje, nalipiga msasa."

Nikarudi kwenye madaftari. Jambo lilikuwa wazi kwa yeyote ambaye angeangalia. Mapigo yakihesabiwa kwa sekunde 15 na kuzidishwa kwa 4, namba yoyote utakayopata lazima igawanyike kwa 4. Makundi manne yalikuwa yameandika mapigo kama 163 na 158. Hizo haziwezi kutoka kwenye mkono wa mtu. Lakini ukichagua VO2max ya 43 na kurudi nyuma kwenye kanuni unapata 162.7, na ukichagua 45 unapata 157.9. Walianza na jibu, wakayatafuta mapigo ya kulifaa.

## Uamuzi wa kwanza: sifuri au kurudia

Mkuu wa idara alitaka makundi hayo manne yapewe sifuri. Hoja yake ilikuwa nzito: baadhi ya wanafunzi hawa mwaka unaofuata wanakwenda mafunzo kwa vitendo hospitalini, na anayebuni mapigo ya mwenzake leo atabuni ya mgonjwa kesho. Hofu yake niliikubali. Dawa yake sikuikubali, kwa sababu mbili. Kwanza, walioghushi hawakuwa wavivu. Mmoja wao alikuwa kati ya wanafunzi makini zaidi darasani. Pili, mgawanyo wa alama niliouweka mimi ulitoa 6 kati ya 10 kwa "matokeo yanayokubalika", na matokeo yanayokubalika nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa chaki.

Tulifikia mapatano. Hakuna sifuri, lakini makundi yote tisa yanarudia. Namba ya mwisho haipati alama hata moja. Alama 4 ni za hesabu ghafi na 6 ni za kueleza hesabu hizo zimetokeaje. Hesabu ghafi zinaandikwa kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya kaboni, na nakala moja inabaki kwa Mzee kabla kundi halijatoka mlangoni. Anayekosea anapiga mstari mmoja ili kilichokosewa kisomeke.

Niliwaeleza darasa zima nilichokiona na sehemu yangu katika kosa hilo. Kilipita kimya kirefu, kisha binti mmoja wa kundi la nane akasema, "Mwalimu, sisi tulihesabu kweli. Mpandaji wetu alipata VO2max ya 53. Tukaona ni nyingi mno, tukajua tumekosea, tukafuta." Namba 53 ndiyo iliyokuwa na fiziolojia ndani yake, na ilikuwa imefutwa kwa ajili ya kunipendeza. Lile lilinichoma kuliko namba zilizobuniwa.

## Wiki ya pili: vipimo viwili vinagombana

Safari hii sikuandika kitu ubaoni. Niliongeza kipimo cha pili ili wasiwe na jibu moja la kuliegemea: mbio za dakika 12 alizozitangaza Kenneth Cooper mwaka 1968. Unapima umbali kwa mita, unatoa 504.9, unagawanya kwa 44.73. Kiwanja cha mpira tulikizungushia alama kwa utepe wa kupimia, na mbio zikafanyika asubuhi kabla jua halijakolea.

Mpandaji wa kundi la pili alipata 49 kwenye benchi. Uwanjani alikimbia mita 2,150, ambazo ni 37. Akaja na karatasi mbili mkononi. "Mwalimu, mimi ni yupi kati ya hawa?"

Nilijua jibu, au nilidhani ninalijua, na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Kutolijibu swali lile ndiko kulikobadilisha muhula wote. Nilimwambia atafute mtu darasani ambaye namba zake mbili zinakubaliana, amuulize alifanyaje.

Mtu huyo alikuwepo: mkimbiaji wa kundi la nne, kijana kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Benchi lilimpa mapigo 29 kwa sekunde 15, yaani 116 kwa dakika, VO2max 62.6. Uwanjani alikimbia mita 3,200, ambazo ni 60.3. Darasa likaruka mara moja kwenye maelezo ya mlima, na jina la Joshua Cheptegei likatajwa, kama inavyotokea kila mbio zinapozungumzwa Uganda. Rekodi yake ya mita 10,000, dakika 26 na sekunde 11 kule Valencia mwaka 2020, ni mizunguko 25 ya mita 400, kila mmoja chini ya sekunde 63. Walitoka kwenda kujaribu mzunguko mmoja tu kwa kasi hiyo. Mkimbiaji wetu aliumudu. Wengine walirudi wakiwa wameelewa kwa miguu yao jambo ambalo kwa maneno huwa nalisema bure.

Lakini mlima haukueleza kwa nini vipimo vyake viwili vilikubaliana. Aliyegundua sababu ni yule wa 49 na 37. Mhesabu mapigo wa kundi la nne alikuwa mwenza wa mazoezi wa mkimbiaji huyo, mtu anayejishika mkono kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye mshipa wakati mpandaji anashuka kwa mara ya mwisho.

## Wiki ya tatu: upelelezi

Kundi la pili walikuwa wamejirekodi kwa simu. Walicheza video mbele ya wenzao wakiwa na saa. Mpandaji anashuka, mhesabu anatafuta mapigo shingoni, hayapati, anahamia mkononi, mshika saa anauliza "tayari?", na hesabu inaanza sekunde ya 41. Moyo wa kijana hushuka haraka sana katika dakika ya kwanza ya mapumziko, kwa hiyo walikuwa wameuhesabu moyo uliokwisha kupoa: mapigo 37, yaani 148. Waliporudia na vidole vikiwa tayari walipata 43, yaani 172, na VO2max ikashuka kutoka 49 hadi 39. Sasa benchi na uwanja vilikuwa majirani.

Kutafuta mapigo shingoni kuna hatari ya pili ambayo darasa liliifikia lenyewe baada ya mmoja kubanwa kwa nguvu. Mshipa wa shingo una vipokezi vinavyopima msukumo wa damu, na ukivibana vinaudanganya ubongo kwamba msukumo umepanda, nao ubongo unaupunguza mwendo wa moyo. Kipimo kinabadilisha kile kinachopimwa. Tukakubaliana kuhesabia kwenye kifundo cha mkono.

Kundi la tano ndilo nililolipenda zaidi. Mara ya kwanza walipata 42, namba tulivu isiyomshtua mtu. Waliposikia habari ya kuchelewa wakarudia kwa wakati sahihi, na wakapata mapigo 43, VO2max 39. Wakakasirika. Uwanjani mpandaji wao alikuwa amepata karibu 42. "Tumesahihisha, tumeharibu," mwandishi wao aliniambia, na hakuwa anatania.

Ilichukua saa nzima. Walibadilisha mhesabu, wakabadilisha simu ya metronomu, mwishowe mmoja akachukua utepe akapima benchi la tatu: sentimita 45. Seremala alikuwa ameikata miguu kwa sentimita 41 kama nilivyomwambia, kisha akapigilia ubao wa sentimita 4 juu yake. Kwenye mabenchi mengine mawili Mzee alikuwa amemsimamia. La tatu lilikuja baadaye.

Walikokotoa tofauti hiyo ina maana gani kwa kanuni ya kawaida ya gharama ya oksijeni ya kupanda ngazi. Mipando 24 kwa dakika kwenye sentimita 41.3 hugharimu mililita 32 hivi kwa kilo kwa dakika. Kwenye sentimita 45 ni 34. Moyo unalipa tofauti hiyo kwa mapigo ya ziada, na mtu anaonekana hana mazoezi. Walihamia benchi la kwanza, wakahesabu kwa wakati, wakapata mapigo 41, yaani 164. VO2max: 42.

Walitoka 42 wakarudi 42. Safari ya kwanza walikuwa na makosa mawili yaliyovutana kila moja upande wake: benchi refu lilipandisha mapigo, kuchelewa kukayashusha. Jibu lilikuwa sahihi na kazi yote ilikuwa mbovu. Kwa mgawanyo wangu wa zamani wangepata alama zote.

Kabla wiki haijaisha binti wa kundi la nane, yule aliyetaja 53, alileta swali lingine. "Mwalimu, mbona sisi wanawake wote tunafanana?" Alikuwa amepanga majibu ya darasa kwenye mstari. Kwa kanuni ya wanaume, mapigo kati ya 140 na 184 yanakupa VO2max kuanzia 53 hadi 34. Kwa kanuni ya wanawake, mapigo hayohayo yanakaa kati ya 40 na 32. Kosa la pigo moja katika sekunde 15 linamsogeza mwanamume kwa 1.7, na mwanamke kwa 0.7 tu. Aliona pia kwamba kimo cha benchi hakijali urefu wa mpandaji, na yeye ni mfupi kuliko wote kundini. Tulizungumza muda mrefu juu ya kanuni iliyozaliwa kwa kundi moja la wanafunzi wa Marekani na kuletwa kupima kundi jingine. Sikuwa nimelipanga somo hilo.

## Mwanafunzi anazimia

Siku ya mwisho ya wiki hiyo kundi la saba walikuwa wakirudia. Mpandaji alikuwa binti mwenye afya kwa kumtazama. Alimaliza dakika zake 3. Mhesabu hakuyapata mapigo, akajaribu tena, akanigeukia. Mimi nikamwambia mpandaji: "Usitikisike." Alisimama wima karibu dakika mbili. Nikaona midomo imepauka, na kabla sijamfikia magoti yakalegea. Wenzake walimdaka.

Tulimlaza chini, Mzee akainua miguu yake juu ya benchi lilelile. Alifungua macho karibu mara moja. Msukumo wa damu ulikuwa 90 kwa 58, na baada ya dakika 10 ulifika 108 kwa 70. Tulimpeleka kliniki ya chuo kwa gari, tukiwa na rafiki yake. Nilisimamisha kazi kwa siku ile yote ingawa makundi mawili yaliomba kumalizia.

Kliniki ilikuta upungufu wa damu: hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ilikuwa gramu 10 katika mililita 100. Siku chache nyuma alikuwa amemaliza dozi ya malaria. Asubuhi ile hakula kitu. Kwenye fomu ya afya alikuwa ameweka "hapana" kila mahali, na kila "hapana" ilikuwa kweli: fomu ile inauliza maumivu ya kifua, ugonjwa wa moyo, mifupa na viungo. Haiulizi kama ulikuwa na homa wiki iliyopita. Iliandikwa kwa watu ambao malaria si sehemu ya mwaka wao.

Kilichomwangusha hasa ni mimi kumwambia asitikisike. Mtu akifanya mazoezi, mishipa ya miguu inapanuka na damu nyingi inashuka huko; misuli ya miguu ikijibana ndiyo inayoirudisha juu. Ukimsimamisha ghafla, pampu hiyo inazimika wakati mishipa bado iko wazi. Damu inabaki miguuni, moyo unakosa cha kusukuma, ubongo unakosa fungu lake. Nimelifundisha jambo hili ubaoni kwa miaka.

## Maamuzi baada ya hapo

Tulisimama wiki moja. Fomu niliiandika upya pamoja na muuguzi wa kliniki, kwa Kiingereza na Kiswahili, tukaongeza homa na malaria ya wiki mbili zilizopita, chakula na maji ya siku ile, kufunga, hedhi nzito na dawa unazotumia. Swali la selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita hapa, lilitusumbua. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta watoto wachanga wenye kinasaba kimoja cha ugonjwa huo ni asilimia 13.3, katika darasa la 36 ni sawa na watu watano hivi. Wengi wao hufanya mazoezi bila shida, na hatari huja kwenye juhudi ya mwisho kabisa, joto na upungufu wa maji. Kuwazuia kungekuwa kuwaonea, na kuwauliza mbele ya wenzao kungekuwa vibaya zaidi. Tuliamua swali liulizwe na muuguzi faraghani, jibu lisifike kwangu, na taratibu za maji, kivuli na kuanza polepole ziwe za darasa zima.

Kipimo chenyewe kilibaki cha kusimama, kwa sababu kanuni imejengwa juu ya mtu aliyesimama, lakini kwa sekunde 20 tu, mkono ukiwa begani mwa mwenzake. Sekunde ya 21 anaanza kutembea, mapigo yamepatikana au hayakupatikana. Yakikosekana, hesabu imekosekana, na hilo linaandikwa.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kwamba kupanda benchi ni kwa hiari na hakuna alama inayopotea kwa kukataa. Nilidhani tayari ilikuwa hivyo. Binti yule alinieleza baadaye kwamba alijisikia mnyonge asubuhi ile, ila angenikatalia vipi, mimi mwalimu wake?

## Matokeo

Aliporudi, mwenyewe aliomba hali yake itumike darasani. Gramu moja ya hemoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 14 katika mililita 100 za damu hubeba karibu 18.8, yeye mwenye 10 alikuwa akibeba 13.4. Kwa kazi ileile moyo wake ulilazimika kupiga zaidi, na kipimo chetu kingemwandika kuwa hana mazoezi ilhali tatizo lilikuwa kwenye damu. Sikumbuki kipindi kingine ambacho darasa lilielewa usafirishaji wa oksijeni kwa utulivu ule.

Ripoti zilikuwa chafu, zimejaa mistari ya kukata na maelezo marefu. Nilizisoma kwa furaha, na kuzisahihisha kulinichukua mara mbili ya muda wa zamani. Kati ya vipindi sita vya maabara vilivyopangwa tulimaliza vinne. Kupima ujazo wa mapafu hatukukugusa.

Na kwenye kipindi cha mwisho, nakala ya kaboni ya kundi moja haikufanana na ripoti yao. Walikuwa wamebadilisha hesabu mbili. Walipata sifuri, na nilitia saini bila kusita.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ya vyote ni kuwa na vipimo viwili vya kitu kimoja. Kipimo kimoja kinampa mwanafunzi jibu. Viwili vinavyogombana vinamlazimisha aulize mwili umefanya nini na mkono wa mpimaji umefanya nini. Vifaa havikuwa na shida. Benchi, saa, utepe na kiwanja vilitosha kutufikisha kwenye mshipa wa shingo, pampu ya misuli, hemoglobini na udhaifu wa kanuni, na sidhani ile mashine ya chini ya shuka ingetufikisha mbali zaidi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Ingewapa namba kwenye skrini, na ya skrini huaminiwa.

Kiswahili kilifanya kazi ambayo sikukipa. Kwa Kiingereza walikuwa wakiandika istilahi bila kosa, kwa kuzinukuu kitabuni. Kwa Kiswahili mmoja alisema "presha yake imepanda hadi 172", akimaanisha mapigo, na wenzake wakaitikia. Hapo ndipo nilipoona kwamba mapigo ya moyo na msukumo wa damu vilikuwa kitu kimoja vichwani mwao. Tulileta kipimapresha: namba ya juu ilipanda baada ya mazoezi, ya chini karibu haikusogea. Mwingine alisema mtu huishiwa pumzi kwa sababu oksijeni imekwisha kwenye damu. Tulimvisha kipima oksijeni cha kidoleni: 97 kabla ya kupanda, 96 baada ya kushuka, huku akihema. Swali lililofuata, "sasa kilichokwisha ni nini?", lilitupeleka kwenye moyo na misuli kwa kipindi kizima. Makosa hayo yalikuwepo miaka yote, yamefichwa na Kiingereza safi.

Upande wa kilichoshindwa, kuzimia kwa mwanafunzi ndiko kukubwa, na sikubali kukuita bei ya kujifunza. Kungeweza kuzuiwa. Fomu ya afya nilikuwa nimeigeuza kuwa saini ya mlangoni, na katika dakika ile nililijali pigo lililopotea kuliko mtu aliyesimama mbele yangu. Kama wenzake wasingemdaka, angegonga ukingo wa benchi.

Uamuzi wa kutotoa sifuri wiki ya kwanza bado nautetea, ila mkuu wa idara alikuwa sahihi katika jambo ambalo wakati ule sikulipa uzito: kubadilisha alama hakukuwatosha wote. Kundi lililoghushi mwishoni halikuwa na jibu ubaoni la kulifuata, wala alama ya kulipata. Nilipowauliza kwa nini, walisema namba zao zilikuwa tofauti na za wenzao na waliona aibu. Hilo sijalitatua. Muhula unaofuata nitajaribu makundi yasione matokeo ya wenzao hadi nakala zote zifike kwa Mzee.

Mzee naye alitaka kukata sentimita 4 kwenye miguu ya benchi la tatu. Nilimwomba aliache kama lilivyo. Sasa yako matatu ukutani, hayana alama yoyote, na utepe unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango.